Birika la Kumwagilia Maua

Ofisa wa forodha alilinyanyua kwa vidole viwili, kama mtu aliyekuta panya ndani ya unga. Birika langu la plastiki, rangi ya kijani, la Kariakoo, shilingi elfu tatu baada ya kuvutana sana. Tulikuwa uwanja wa ndege wa Frankfurt, saa kumi na mbili na robo asubuhi, na nyuma yangu foleni ya watu waliokesha wamekaa, ambao sasa walikuwa wamepata cha kutazama.

"Hiki ni nini?" akaniuliza kwa Kiingereza.

Mimi ni mkalimani. Mwaka wa ishirini na mbili huu nakula kwa ulimi. Nimetafsiri hotuba za waheshimiwa zilizokula chakula cha mchana cha ukumbi mzima, nimetafsiri utani wa profesa ambao hata mwenyewe alikuwa hajauelewa, na hakuna siku neno lilinikimbia kama asubuhi ile. Kwa Kiswahili ninayo tele: birika la msalani, la uani, la kutawadhia. Kwa lugha yake sikulipata hata moja. Kitu ambacho watu hawajawahi kukihitaji, nani atajisumbua kukipa jina?

"Ni cha kumwagilia maua," nikasema.

Akaligeuza chini juu. Akachungulia mdomoni. Akamwita mwenzake, naye akachungulia.

"Umetoka Afrika na kifaa cha kumwagilia maua?"

"Naam."

"Kwa nini?"

"Napenda maua."

Wakanipisha. Mimi maisha yangu yote sijapanda hata mchicha.

Sasa, utaniuliza mtu mzima na akili zake anaanzaje kusafiri na birika. Nilianza baada ya Bonn ya mwaka juzi, na kisa chenyewe nakitoa leo kwa mara ya kwanza, nikijipa moyo kwamba mama mkwe hasomi safu hii.

Kulikuwa na mkutano wa siku nne. Mada ilikuwa maji. Siongezi chumvi: maji safi na usafi wa mazingira, wajumbe kutoka kila pembe, na mabango ya watoto wanaocheka chini ya bomba. Kazi yetu hufanywa na watu wawili ndani ya kibanda cha vioo nyuma ya ukumbi. Mnapokezana kila nusu saa hivi, kwa sababu ubongo ukizidishiwa hapo huanza kutoa mchele na pumba kwa pamoja. Kwa hiyo mtu una nusu saa yako ya kupumua, kunywa chai na kumaliza shida zako. Siku hiyo shida yangu ilikuwa kabichi. Wenzetu huichachusha kabichi mpaka inapandwa na hasira, halafu wanakupakulia ukiwa mgeni, na wewe kwa adabu ya kwenu unamaliza sahani.

Choo cha ukumbi ule kilikuwa kizuri kuliko sebule yangu. Vigae vinameta, taa zinawaka ukisogea, harufu ya ndimu. Ila maji hakuna. Yaani yapo, yapo kwenye sinki, nje ya mlango, hatua sita kutoka pale unapoyahitaji. Ndani umeachiwa karatasi, roli tatu, zimepangwa kama mikate ya duka.

Najua hayo, si mgeni. Kwa kawaida hubeba chupa yangu. Siku hiyo nilikuwa nimeiacha hotelini, nikafanya kile ambacho msafiri yeyote wa pwani angefanya: nikachukua chupa moja ya kioo kwenye meza ya vinywaji vya wajumbe, nikaificha ndani ya koti, nikaingia. Ulipofika wakati wake nikafungua kifuniko. Ikasema *psssss*.

Hapo ningepaswa kuelewa. Mjerumani maji yake huyataka yanachemka bila moto. Ukiomba maji bila kufafanua, unaletewa ya gesi, na wanashangaa ukiuliza. Lakini mtu aliye katika hali niliyokuwa nayo hasomi lebo. Sitaeleza zaidi. Nasema tu kwamba kuna sehemu za mwili ambazo Mwenyezi Mungu hakuziumba kwa ajili ya soda.

Nikarudi kibandani nikakaa. Kukaa kwenyewe ndiko kulikoniumbua. Mwenzangu alikuwa dada mmoja wa Mombasa, mtu mzima, aliyeizunguka dunia kunizidi. Alikuwa katikati ya kutafsiri hotuba ya mjumbe mmoja wa Ulaya. Akanitupia jicho, akabonyeza kile kitufe cha kukoholea kinachokata sauti.

"Kaka, mbona waketi upande mmoja?"

"Maji," nikamnong'oneza.

"Maji yamefanya nini?"

"Yalikuwa na gesi."

Dada wa watu alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. Mjumbe yule wakati huo alikuwa anakumbusha kwamba Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua kupata maji na huduma za usafi kuwa haki ya kila binadamu, na sentensi hiyo yote, pamoja na mwaka wake, ilipita bila Mswahili hata mmoja ukumbini kuisikia. Waligeuka kutuangalia huku wakigonga vipokea sauti vyao.

Alipopata pumzi akafungua mkoba, akanionyesha kichupa cha plastiki chenye shingo ndefu iliyopinda, alichonunua Dubai. "Safari zote hizi huna chombo? Wewe msafiri gani?" Nikaona aibu. Lakini kile kichupa ni cha kukamua, kama unamnyonyesha mwana mbuzi aliyefiwa na mama yake, na mimi heshima yangu hairuhusu. Nilipofika nyumbani nikamuomba mama watoto birika.

Huwa najiuliza karatasi iliwashindaje akili watu waliopeleka binadamu mwezini. Chukua sahani uliyolia mchuzi wa samaki, ifute kwa karatasi vizuri, pande zote, halafu irudishe kabatini. Nani atakubali? Mzungu mwenyewe hatakubali, ana mashine ya kuoshea vyombo inayonguruma saa nzima kwa vikombe vinne. Ila kwa jambo hili, karatasi.

Biashara yenyewe ina mwenyewe. Mwaka 1857 huko New York, bwana mmoja akiitwa Joseph Gayetty alianza kuuza karatasi za msalani kwa pakiti, na alijivunia bidhaa yake kiasi kwamba jina lake lilitiwa kwenye kila karatasi. Kila karatasi! Kwetu mtu akigombana na jirani hutafuta jina la jirani aliandike mahali pabaya. Huyu alilipeleka lake mwenyewe, kwa hiari, na akatoza pesa. Lilitiwa kwa ule mtindo wa noti za benki unaoitwa alama ya maji. Nadhani ndiyo maji pekee yaliyokuwemo katika biashara nzima.

Turudi Frankfurt, maana nimeshapitishwa forodhani na shemeji yangu ananisubiri nje na gari. Shemeji anaishi Köln, mwaka wa kumi na nane sasa, na amekwisha: anakula saa kumi na mbili jioni, anatenganisha takataka kwa rangi, na akikwambia dakika tano anamaanisha tano. Tukashika barabara kuu. Kama saa moja hivi mbele tukasimama kwenye kituo cha mapumziko, nami nikashuka na birika langu.

"Shemeji," akasema, uso umembadilika, "liache hilo garini."

"Kwa nini?"

"Hapa watu wananijua."

Barabara kuu, malori ya Poland na mabasi ya watalii, nani anamjua? Lakini gari ni lake, nikaliacha. Mlangoni kuna kizuizi cha chuma kinachozunguka, kama cha kuingilia uwanja wa mpira, na kinadai euro moja. Nikalipa. Mashine ikanitemea kikaratasi. Kumbe ni kuponi: ukitoka unapunguziwa bei ya kahawa pale dukani. Nikaikalia hiyo hesabu nikaielewa vizuri. Unalipa kutoa, wanakupunguzia kuingiza, na kahawa hiyo itakusimamisha kituo kinachofuata, ambako kuna kizuizi kingine kinachodai euro. Mtu aliyebuni hilo angepewa wizara.

Si kwamba ulimwengu wote umekosa maji, nisije nikawaonea watu. Ramani yangu ya dunia ina mipaka yake, na haifanani na ile ya shuleni.

Ukishuka Istanbul kwa mfano, umefika kwa binadamu wenzako. Ndani ya bakuli la choo, nyuma kule, kuna kijibomba kidogo, na ukutani kuna koki. Unafungua, mambo yanakwisha. Mara ya kwanza kufika sikuijua, nikamuuliza mhudumu wa choo kwa ishara. Akanionyesha koki akasema, "taharet." Nikarudi nyuma hatua mbili. Kwetu shughuli inayokaribia jina hilo nilishaimaliza Pangani nikiwa na miaka saba, nikapewa kuku mzima, na sikuwa tayari kurudia uwanja wa ndege. Baadaye ndipo ikanijia kwamba neno ni lile lile la Kiarabu lililotupa sisi twahara na tohara. Wenzetu wamebaki na maana ya usafi. Nilikuwa nimefikia umri wa kulipwa kwa kujua maneno, na bado nilishika suruali.

Maskati nako maji yapo, yapo kupita kiasi. Nilifika Julai kwa shangazi ya mke wangu, mzaliwa wa Unguja aliyehamia huko akiwa msichana, na nyumba nzima ni Kiswahili kitupu, cha zamani, kile cha "hujambo mwanangu, wazee hawajambo?" Msalani kwake kuna shatafu, ule mpira wenye kichwa cha kubonyeza, chuma cheupe, nguvu ya kutosha kuosha daladala. Nikasema leo nimefika. Nikafungua la baridi, nikabonyeza, na sauti niliyotoa waliisikia mpaka kwa majirani.

"Mwanangu!" shangazi akaita kutoka ukumbini. "Fungua la moto! La moto ndiyo baridi!"

Ikabidi nielezwe kwenye chai, mbele ya wajukuu. Joto la huko kiangazi hupita nyuzi 40, na matangi ya maji yako juu ya paa, yanapikwa mchana kutwa. Kwa hiyo bomba la baridi linatoa moto. Ila hita iko ndani ya nyumba, kivulini, na kiangazi huzimwa. Maji yanalala humo yanapoa, kwa hiyo bomba la moto ndilo linalotoa baridi. Wajukuu walilijua hilo tangu wanatambaa. Mimi nilikula halua nimesimama.

Waitaliano, Mungu awape umri, wana sheria: tangu 1975 nyumba ya kuishi inapaswa kuwa na bideti bafuni, kile kibakuli cha pili kinachokaa kando ya choo. Neno lenyewe ni la Kifaransa, na maana yake ya asili ni farasi mdogo, kwa jinsi ya kukaliwa. Wafaransa ndio walioanza nacho karne ya 18, wakaja wakaking'oa majumbani mwao kupata nafasi ya mashine ya kufulia. Wamebaki na jina. Wafini nao, watu wa barafu ambao ungedhani maji yamewachosha, wameweka kishawa kidogo cha mkono kando ya choo karibu kila nyumba. Nilipokiona Helsinki nilitaka kumkumbatia mwenyeji wangu, ila Mfini hakumbatiwi hovyo.

Na Japani? Nilifuata msafara wa wafanyabiashara Yokohama, nikafika hotelini usiku, nikafungua mlango wa choo, na kifuniko kikajiinua chenyewe. Miaka yote ya kuzunguka ugenini, ambako unasema "habari za asubuhi" ndani ya lifti na watu wanaangalia viatu vyao, ndiyo mara ya kwanza kitu chochote kuanza kunisalimia.

Nikakaa. Kiti cha moto. Nikainuka haraka. Kwetu kiti cha choo kikiwa cha moto maana yake kuna mtu kaondoka sasa hivi. Nikangoja kidogo, nikajisemea labda ni mhudumu wa hoteli, nikarudi baada ya robo saa. Bado cha moto. Ndipo nikaona pembeni ubao wa vitufe, vingi kama vya kibandani kwangu. Kampuni ya TOTO ilianza kuuza viti vya aina hiyo, vinavyorusha maji, mwaka 1980, na tangu hapo Mjapani hajatulia: kuna maji ya mbele, ya nyuma, ya kutikisika, kuna nguvu ya maji, kuna upepo wa kukausha. Wageni walikuwa wanabonyeza ovyo mpaka mwaka 2017 watengenezaji walipokubaliana kutumia picha za aina moja. Kimojawapo ni cha sauti: ukikibonyeza kinatoa mlio wa maji yanayotiririka ili jirani asisikie yako. Nikakaa pale nikisikiliza maji ambayo hayapo. Mambo yakizidi yanazidi. Wahenga walishasema kuhusu kuchamba kwingi. Msemo wenyewe siumalizi, gazeti hili linasomwa na watoto.

Wenyeji wetu wakatupeleka na Tokyo, mtaa wa Shibuya, kutuonyesha choo cha umma cha kioo kilichobuniwa na msanifu Shigeru Ban, kikajengwa mwaka 2020. Kuta zote zinaonyesha ndani. Ukiingia ukafunga komeo, kioo kinageuka ukungu. Wazo lao ni kwamba mtu aone kabla ya kuingia kama kuna usafi na kama kuna mtu. Wenzangu wa msafara waliingia wakapigana picha. Mimi nilibaki nje. Ndoa yangu, nyumba yangu na jina la marehemu baba yangu, vyote nivitundike kwenye komeo moja?

Lakini nisimsifie mgeni nikasahau kwetu. Basi la Mwanza linasimama porini kupita Singida, kondakta anapiga mlango: "Kuchimba dawa! Wanaume kushoto, wanawake kulia, dakika tano!" Abiria sitini wanatawanyika kutafuta mti ambao mti wenyewe ni kijiti. Mzungu akiwemo anaganda mlangoni na roli lake, anauliza dawa inayochimbwa ni ya nini. Na mjini siku hizi tuna maghorofa ya vioo yenye vyoo vya kifahari ambako mpira umekatika, umebaki msumari. Wapo waliojaliwa kuwa na kopo, lakini kwa kuogopa wezi wamelifunga kamba kwenye bomba, na aliyepima kamba hiyo aliipima akiwa amesimama.

Basi. Bonn safari hii nilipangiwa kwa bibi mmoja Mjerumani anayekodisha vyumba, nyumba ya ghorofa mbili karibu na mto Rhine. Mjane, umri wa sabini na kitu, Kiingereza cha kutosha, mgongo umenyooka kama rula. Bafuni kwake nilikuta kibandiko: mwanamume amesimama mbele ya choo, amepigwa mstari mwekundu. Hilo Ujerumani ni jambo zito. Mwaka 2015 lilifika mahakamani Düsseldorf: mwenye nyumba alitaka kumkata mpangaji wake euro 1,900 za amana kwa madai kwamba kusimama kwake kumeharibu sakafu ya marumaru, na hakimu akaamua kwamba mwanamume kusimama bado ni desturi, mpangaji hana kosa. Mimi katika kesi hiyo niko upande wa kibandiko. Bibi yangu wa Pangani alitufundisha hivyo hivyo, chuchumaa, na yeye hakuhitaji hakimu, alikuwa na fimbo ya mpera.

Kwa hiyo tulielewana tangu mwanzo mimi na mwenye nyumba, bila kusemezana. Jumapili usiku nikaweka birika langu kando ya choo. Jumatatu alfajiri lilikuwepo. Jumatatu jioni natoka mkutanoni, halipo.

Nikalikuta jikoni, dirishani, katikati ya vyungu vya maua, limejaa maji. Nikasema labda alikuwa anafanya usafi. Nikamwaga maji, nikalirudisha bafuni. Jumanne jioni, dirishani. Nikalirudisha. Jumatano, dirishani, na safari hii limefutwa mpaka linang'aa. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Asubuhi tunasalimiana vizuri, ananipa mkate na jibini, nami namsifia jibini. Kwa matumizi ya nyumba nikanunua chupa kubwa ya maji yasiyo na gesi, neno hilo la Kijerumani nililijifunza kabla ya "asante."

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yangu ya kuondoka. Nashuka na sanduku, nakuta ameandaa meza dirishani, buli la kioo, vikombe viwili vya maua maua. Akanivutia kiti.

"Nataka kukushukuru," akasema. "Lile langu la bati linamwaga ovyo, maji yanapiga majani. Lako lina mdomo mrefu, linafika mpaka kwenye mizizi. Tazama."

Nikatazama. Kwenye sanduku la mbao dirishani kulikuwa na mnanaa, umejaa, kijani kibichi, majani kama masikio ya sungura.

"Miaka yote haukuwahi kustawi hivi," akasema, na akanimiminia chai. Ya mnanaa.

Nikapiga hesabu haraka. Nililitumia usiku mmoja na alfajiri moja. Mkono unaolishika ni wa kulia, mdomo wake haugusi kitu, mtu anaweza hata kulichukulia udhu. Kwa mizani yoyote ya sheria, birika ni safi. Lakini moyo hausomi sheria. Kikombe kikawa kinatoa moshi mbele yangu, mama wa watu anatabasamu anasubiri, na nje shemeji anapiga honi, amefika dakika ile ile aliyosema.

Nikanywa. Ilikuwa nzuri, hilo sitaficha. Akaniongeza, nikanywa na ya pili.

Kuondoka na birika ningewezaje? Nikamwachia. Akalishika kwa mikono miwili, akaniuliza kama nikipita tena naweza kumletea jingine, la dada yake wa Hamburg, na kama ya rangi ya njano yanapatikana.

Yanapatikana. Juzi nimetoka Kariakoo nimenunua mawili, la kijani la kumlipa mama watoto na la njano. Ameyapokea mlangoni, ameyageuza, amechungulia ndani ya mdomo.

"Na hili la njano la nini?"

"La kumwagilia maua," nikamwambia.

"Maua gani?"